Jibu Sahihi Lisilo na Shahidi

Muhula uliopita nilipewa alama moja kati ya tano kwa jibu lililokuwa sahihi. Nalileta jambo hili mbele ya wasomaji wa gazeti letu si kwa kinyongo, maana kinyongo kimekwisha, bali kwa kuwa ubishi ulioanza na karatasi yangu umeenea mabwenini na kufika hata majumbani kwa wazazi, nami naona wengi wanabisha bila kulitazama jambo lenyewe.

Swali lilikuwa fupi. Tuliulizwa kama namba 2,047 na 8,191 ni namba tasa au sivyo. Kwa faida ya mzazi aliyeachana na hesabu siku nyingi, namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba yoyote bila kubakisha kitu, isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 7, 13 na 31. Mimi nilijibu kwa mistari miwili: 2,047 si tasa, kwani ni 23 mara 89, na 8,191 ni tasa. Majibu yote mawili ni kweli. Kwa la kwanza nilipata alama zote tano, kwa la pili moja.

Nilimwendea mwalimu nikamwambia, "Mwalimu, hata la kwanza sikuonyesha njia. Mbona nimepata zote?" Akanijibu, "La kwanza umeniletea shahidi. La pili umeniletea neno lako tu." Nikatoka nikiwa sijaridhika. Likizo ilipofika baba aliisoma karatasi ile, akasema kwamba dukani kwake mteja akitaja jumla iliyo sawa hulipa akaenda zake, wala haulizwi amejumlishaje.

Wala si mimi peke yangu niliyelalamika. Msichana mmoja wa darasa letu alijibu swali la 8,191 kwa kugawanya mara mbili tu. Aligawanya kwa 53, ikabaki 29, akagawanya kwa 79, ikabaki 54, akaandika, "Kwa hiyo ni tasa." Wenzetu waliopata alama tano waligawanya kwa namba tasa zote 24 zilizo chini ya 91, kama tulivyofundishwa. Yeye alipewa mbili, na pembeni pakaandikwa kwa wino mwekundu: "Hukumaliza." Habari yake nitairudia, maana naona kwamba mimi sikuonewa, lakini yeye alionewa kidogo.

Kilichonigeuza mawazo ni namba moja: 2,147,483,647. Nilikutana nayo katika kitabu cha historia ya hesabu nilichoazima maktaba kabla ya shule kufungwa.

Namba hii hupatikana hivi. Chukua 2, uizidishe kwa 2, na tena kwa 2, mpaka zitimie mbili 31 zilizozidishwa pamoja. Kisha toa 1. Kwa kifupi huandikwa 2³¹ − 1. Na zile namba mbili za mtihani wetu ni za ukoo huo huo, kwa kuwa 2,047 ni 2¹¹ − 1, na 8,191 ni 2¹³ − 1. (Mwalimu hakutuambia. Nadhani alitutega makusudi.) Ukoo huu una tabia zake. Kipeo kikiwa si tasa, namba yenyewe nayo haiwi tasa: 2⁶ − 1 ni 63, nayo yagawanyika kwa 3 na kwa 7, 2¹⁵ − 1 ni 32,767, nayo yagawanyika kwa 7 na kwa 31. Lakini kipeo kikiwa tasa, hapo huna hakika ya lolote. 11 ni tasa, na 2,047 si tasa. 13 ni tasa, na 8,191 ni tasa. Hapo ndipo watu wakubwa walipojikwaa.

Tangu zamani za Wayunani watu walizitafuta namba hizi kwa ajili ya namba nyingine, zile zilizo sawa na jumla ya vigawo vyake. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na ukivijumlisha unarudi 6. Vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya ukoo wetu huzaa namba moja ya namna hii. Basi aliyetaka kuzipata hizo ilimpasa kwanza ajue ipi ni tasa.

Mwaka 1603 Pietro Cataldi, mwalimu wa hesabu huko Bologna, Italia, alitoa kitabu juu ya mambo haya. Alionyesha kwamba 2¹⁷ − 1, yaani 131,071, ni tasa. Na 2¹⁹ − 1, yaani 524,287, nayo ni tasa. Alifanyaje? Alifanya kama wenzetu wa alama tano. Namba ikiwa na vigawo viwili, kimoja hakiwezi kupita kipeuo chake cha pili. Kwa hiyo ukizijaribu namba zote tasa mpaka kufika kwenye kipeuo hicho, na isipatikane hata moja inayogawanya, kazi imekwisha. Kipeuo cha pili cha 524,287 hakifiki 725. Cataldi alikuwa na orodha ya namba tasa mpaka 750, akagawanya kwa mkono, moja baada ya moja. Kazi hiyo imesimama mpaka leo bila doa.

Kisha akasema kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo hutoa namba tasa. Hapo hakugawanya. Orodha yake haikutosha kufika huko, naye akasema tu.

Mwaka 1640 Mfaransa Fermat akaonyesha kwamba 2²³ − 1 yagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 yagawanyika kwa 223. Karne iliyofuata Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, akaonyesha kwamba 2²⁹ − 1 yagawanyika kwa 233. Kati ya nne alizotaja Cataldi ikabaki moja tu, ile ya 31. Na hiyo ni tasa kweli!

Sasa nawauliza wenzangu walionitetea: Cataldi apewe alama ngapi kwa 31? Jibu lake lilikuwa sahihi. Lakini mtu yule yule, kwa sauti ile ile, katika kitabu kile kile, alisema mambo manne na matatu yakawa ya uongo. Msomaji wa mwaka 1603 hangeweza kujua lipi ni lipi. Mimi nilipoandika "8,191 ni tasa" nilikuwa Cataldi wa vipeo vinne. Nakiri hapa mbele ya shule nzima kwamba nilibahatisha. Niliona haigawanyiki kwa 3, wala 7, wala 11, nikachoka.

Mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alifanya makubwa zaidi. Mwaka 1644 alitangaza kwamba, kwa vipeo visivyozidi 257, vinavyotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, basi. Ilichukua miaka mia tatu kuipima orodha hiyo yote. Ilionekana kwamba 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na kwamba amezisahau 61, 89 na 107. Hata hivyo namba hizi huitwa kwa jina lake mpaka leo, jambo ambalo mimi naliona la ajabu. Nikifanya makosa matano katika mtihani, sidhani kama kuna kitu kitakachopewa jina langu.

Turudi kwa 2,147,483,647. Mwaka 1772 ilichapwa barua ya Euler kwa rafiki yake Daniel Bernoulli, akieleza kwamba namba hii ni tasa. Euler wakati huo alikuwa St Petersburg, Urusi, mzee wa miaka sitini na zaidi, na macho yake yalikuwa karibu kuzima kabisa. Kipeuo cha pili cha namba hii kinapita 46,340 kidogo. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni karibu 4,800. Kwa njia ya Cataldi ingempasa kugawanya namba yenye tarakimu kumi karibu mara elfu tano, na kosa moja tu la kubeba lingeharibu yote.

Euler hakufanya hivyo. Alijiuliza kwanza: kama kigawo kingekuwapo, kingekuwa cha namna gani?

Nitaeleza kwa 2,047 na kigawo chake 23, maana hapo kila mtu anaweza kufuata kwa kalamu. Anza na 1, uwe unaizidisha kwa 2, na kila inapofika 23 au kuipita, toa 23. Utapata 1, 2, 4, 8, 16. Kisha 32 toa 23 ni 9. Kisha 18, 13, 3, 6, 12, na 24 toa 23 ni 1. Umerudi ulikoanza baada ya hatua 11. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa kuwa kusema kwamba 23 inaigawanya 2¹¹ − 1 ni sawa na kusema kwamba baada ya hatua 11 unarudi kwenye 1. Na kwa kuwa 11 ni tasa, mzunguko huo hauwezi kukatwa katika mizunguko midogo iliyo sawa. Sasa Fermat alikwisha kuonyesha kwamba kwa namba tasa yoyote isiyokuwa 2, ukienda hatua zilizopungua moja kuliko namba yenyewe, utarudi kwenye 1. Kwa 23 hizo ni hatua 22. Basi 22 sharti iwe mizunguko kamili ya hatua 11, nayo ni miwili. Kwa kigawo cha pili, 89, hatua ni 88, yaani mizunguko minane ya 11.

Fanya vivyo hivyo kwa 2³¹ − 1. Kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikipunguza 1, sharti kigawanyike kwa 31. Na kwa kuwa kigawo hicho ni namba witiri, ukikipunguza 1 hugawanyika pia kwa 2. Kwa hiyo hugawanyika kwa 62. Tazama jinsi namba zote 62 mfululizo zinavyobakia moja tu ya kuangaliwa.

Euler alikuwa na sharti la pili, ambalo sitalithibitisha hapa kwa kuwa ni refu: kipeo kikiwa witiri, kigawo cha namba ya ukoo huu kikigawanywa kwa 8 hubakisha 1 au 7, hakibakishi 3 wala 5. Msomaji na apime mwenyewe kwa 23, 89, 47, 223 na 233. Masharti mawili yakiunganishwa, kigawo cha 2,147,483,647 sharti kikigawanywa kwa 248 kibakishe 1 au 63, wala si kingine. Chini ya 46,341, ukiiacha 1 na 63 zenyewe, namba za namna hiyo ni 372. Na nyingi katika hizo si tasa, kwa hiyo hazina haja ya kujaribiwa. Ya kwanza ni 249, nayo ni 3 mara 83, iondoe. Ya pili ni 311, hiyo ni tasa; ukigawanya unapata 6,905,092 na baki 35. Kisha zinakuja 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241, na zote si tasa. Inayofuata ni 1,303; ukigawanya unapata 1,648,107 na baki 226. Ukiendelea hivi mpaka mwisho, utakuwa umegawanya kama mara themanini hivi, badala ya karibu elfu tano.

Mtu akisema mbuzi wako yumo zizini mwa fulani, na amtoe tumwone, neno limekwisha. Lakini akisema mbuzi hayumo katika kijiji kizima, sharti awe amepita kila nyumba, au awe na sababu thabiti ya kutupa kwa nini nyumba nyingine hazikuwa na haja ya kupitiwa. Nadhani hili ndilo mwalimu alilotaka kuniambia kwa yale maneno yake mafupi. Nilipoandika 23 mara 89 nilimtoa mbuzi. Asiyeniamini na azidishe, hahitaji kunijua wala kuniheshimu. Nilipoandika "tasa" nilisema kwamba kigawo hakipo popote, na sikuwa nimepita hata nyumba nne.

Ndiyo maana namwambia baba, kwa heshima zote, kwamba mfano wake wa duka ni mzuri ila haufiki hapa. Jumla ya mteja baba anaweza kuipima kwa kichwa kabla ya kupokea fedha, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye shahidi. Lakini dalali akimwambia gunia la mchele halina mchanga popote, sijapata kumwona baba akilipokea kabla hajachoma bambo juu, katikati na chini.

Sasa nirudi kwa yule msichana. 8,191 ni 2¹³ − 1. Kwa hoja ile ile ya Euler, kigawo chake kilicho tasa kikipunguzwa 1 sharti kigawanyike kwa 26. Chini ya 91 namba za namna hiyo ni 27, 53 na 79. 27 si tasa. Zimebaki mbili, na mbili hizo ndizo alizozigawanya. Alimaliza! Angalijua na lile sharti la pili, hata 53 asingaliigusa, maana 53 ukigawanya kwa 8 hubakisha 5; mgawanyo mmoja tu wa 79 ungalimtosha kuthibitisha kwamba namba ya elfu nane ni tasa. Alilokosa ni sentensi moja ya kueleza kwa nini nyumba nyingine amezipita bila kubisha hodi. Nilimwuliza kwa nini hakuiandika, akasema aliona hoja hiyo katika kitabu, akaogopa kwamba mwalimu atauliza nani amemfundisha.

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Mimi nilinyamaza kwa uvivu, yeye alinyamaza kwa hofu, na karatasi zetu zikafanana. Nakubali kabisa kwamba anayesahihisha karatasi mia na ishirini usiku hawezi kusoma yaliyomo mioyoni mwetu. Lakini naomba walimu wetu watufikirie katika jambo hili: alama za njia ziwe alama za sababu, si za barabara ile moja iliyoandikwa ubaoni. Mwanafunzi akija kwa njia ya mkato na akaeleza kwa nini haipotezi mtu, apewe zote tano. Asipoeleza, aitwe aulizwe, dakika moja tu. Kama ni Cataldi atajulikana mara moja.

Naomba na jambo la pili, dogo zaidi. Yako maswali ambayo jibu lake huja na shahidi wake, kama kutafuta thamani ya herufi katika mlinganyo. Mwanafunzi akiirudisha namba mahali pake na pande zote mbili zikawa sawa, hajabahatisha bure. Ameonyesha kwamba jibu ni jibu, ijapokuwa hakuonyesha alivyolipata. Apewe sehemu kubwa ya alama. Najua wako walimu watakaosema kwamba hivyo ndivyo tutakavyofunguliwa mlango wa kunakili. Lakini aliyenakili kwa kawaida hata kurudisha namba mahali pake hakumbuki.

Kwa hili ninaye mkubwa wa kunisaidia. Ile 2⁶⁷ − 1 ya Mersenne ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Mfaransa Edouard Lucas alionyesha kwamba si tasa, na cha ajabu ni kwamba hakutaja kigawo hata kimoja. Hoja yake ilithibitisha kwamba vigawo vipo, bila kusema ni vipi. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahesabu huko New York. Husimuliwa kwamba hakusema neno lolote. Upande mmoja wa ubao alizidisha mbili mpaka mbili 67 zikatimia, akatoa 1. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu baada ya tarakimu. Pande zote mbili zikawa sawa, akaketi, watu wakampigia makofi. Alipoulizwa baadaye imemchukua muda gani, inasemekana alijibu kwamba ni Jumapili za miaka mitatu. Hakuna aliyemdai aonyeshe njia ya Jumapili zile. Mbuzi alikuwa ubaoni.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mchezo, na kwamba namba ya tarakimu kumi haimlishi mtu. Hawako peke yao. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba ile namba ya vigawo izaliwayo na 2³¹ − 1, nayo ni 2,305,843,008,139,952,128, huenda ikawa kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kushangaza tu na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea, na tena hakuonyesha njia. Mwaka huo wa 1876 Lucas aliitambua 2¹²⁷ − 1 kuwa tasa, yenye tarakimu 39. Na Oktoba 2024 ilitangazwa 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani, yenye tarakimu 41,024,320. Ningependa wasomaji waangalie jambo moja katika habari hiyo: mashine moja kusema "ni tasa" hakukutosha. Ilipimwa upya kwa programu nyingine na kwa mashine nyingine kabla ya kutangazwa.

Na kuhusu faida, 2,147,483,647 inafanya kazi kila siku. Kompyuta nyingi hutunza namba katika nafasi 32, na nafasi moja ikishikwa na alama ya kujumlisha au kutoa hubaki 31, kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ndiyo hii. Mashine zinazohesabu saa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na kuziweka katika nafasi hizo, zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Nakiri kwamba hiyo haitokani na utasa wake. Lakini iko kazi inayoutegemea. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia hii ya kuifanya kompyuta itoe namba kana kwamba inarusha dadu: anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647 na uchukue baki, kisha zidisha baki hiyo tena, na kuendelea. Kwa kuwa namba ni tasa, na kizidisho kimechaguliwa vizuri, utapita baki zote 2,147,483,646 kabla hujarudi kwenye 1. Ni ule ule mzunguko wetu wa 23, ila ni mrefu sana. Kama Cataldi angekuwa amekosea na hapa pia, mzunguko huo ungekatika njiani.

Kaka yangu aliniambia nisijitaabishe, akaiuliza simu yake kama namba hii ni tasa. Simu ikasema ndiyo. Nikamwambia simu hiyo labda imegawanya na labda imeambiwa tu, na kwa kuitazama hatuwezi kujua. Alicheka, lakini hakunijibu.

Tumeamua basi, mimi na yule msichana na wenzetu wanne, kuigawanya 2,147,483,647 kwa mkono mpaka mwisho, kwa njia ya Euler, kila mgawanyo ufanywe na wawili mbalimbali na majibu yalinganishwe. Mpaka gazeti hili linapelekwa kuchapwa tumefika 2,543, inayotoa 844,468 na baki 1,523. Kabla yake ni 1,489, inayotoa 1,442,232 na baki 199. Ya 2,047 ilitokea katika orodha yetu, tukacheka wote, tukaifuta. Daftari liko juu ya meza ya darasa letu, na kalamu nyekundu imewekwa kando yake kwa atakayeona kosa. Hadi sasa yameonekana mawili, yote ya kwangu.